Mkasi wa Mshonaji na Kamba ya Mteule

Kamba ilikutwa asubuhi ikiwa vipande viwili kwenye sakafu ya studio ya filamu. Saa kumi jioni ingempandisha msichana wa miaka kumi juu ya mnara wa mbao, apae, maana katika filamu ile ya familia yeye ndiye Mteule, mtoto aliyezaliwa kuuokoa ulimwengu. Nani, jamani, alitaka aanguke?

Kesi alipewa inspekta ambaye wenzake walimbandika jina la Kupe: aking'ang'ania jambo, hang'oki. Aliipita milima ya mbao iliyopakwa rangi, akachuchumaa penye kamba.

Mwongozaji wa filamu alikuwa hatulii. Alidai ni husuda ya washindani, na kwamba ipo kamba ya pili, iliyonunuliwa na kutumika pamoja na hii, kwa hiyo kazi iendelee. Baba wa mtoto alisimama pembeni.

Kupe alikataa kuburuzwa. Anayetaka kuua hukwangua kamba kidogo, akaficha, ikatike mtu akiwa juu. Huyu aliikata yote, akaiacha peupe kila mtu aione. Tena haikukatwa kwa kisu. Nyuzi zilibanwa kutoka pande mbili, zikatafunwa. Ule ulikuwa mkasi.

Studio nzima ilikuwa na mikasi minne. Mitatu ilijaribiwa, ikakata kitambaa vizuri. Wa nne ulikuwa wa mshonaji wa mavazi, mama mtu mzima, ambaye ukigusa mkasi wake kukatia hata karatasi, utasutwa mpaka ujute. Kupe akampa kipande cha hariri.

"Kata, mama."

Mkasi uliing'ata hariri, ukakwama.

"Miaka kumi na tisa," mshonaji alisema taratibu, "haujawahi kukata kitu ila nguo."

"Mpaka jana."

"Mpaka jana, mwanangu."

"Kwa nini?"

Alitoa mfuko wa nailoni uliojaa manyoya meupe ya kamba. Kila jioni alilipiga brashi joho la Mteule, na kila jioni alikuta nyuzi mgongoni. Mwezi wa kwanza zilikuwa za kuhesabu. Wiki hii zilijaa kiganja. Alijua kuwa joho halimwagi nyuzi za namna ile, ni kamba inayolika. Alimweleza mwongozaji mara tatu. Sikio la kufa halisikii dawa.

"Akanicheka. Akasema, 'Mteule hafi, bibi.' Na mimi ndiye ninayemfunga mkanda yule mtoto kila siku. Nikaona heri niharibu mali ya watu. Nifunge tu, afande."

Kupe hakumfunga. Aliamuru kamba ya pili itundikwe, na gunia la mchanga lenye uzito wa mtoto lifungwe pale. Mwongozaji akabisha, akapuuzwa. Gunia likapaa mara moja, likapaa mara ya pili. Mara ya tatu kamba ikakatika.

Gunia lilipasukia kwenye alama ya chaki, pale Mteule alipotakiwa kutua. Baba alikaa chini palepale akalia bila kujificha.

"Ulijua?" Kupe akamuuliza mwongozaji.

Mwongozaji alitazama mchanga uliomwagika.

"Nilijua zimechakaa. Kungoja mpya kungetukosesha likizo ya shule, na filamu ya watoto isipotoka likizo imekufa. Nikasema zitavumilia."

Kupe akamshika mkono, akampeleka garini. Mshonaji hakungoja kuambiwa. Alikwenda chumba cha mavazi kumvua mtoto joho.