Nani Amelamba Gauni la Saumu?

Saumu alikuwa na gauni jeupe. Bibi akatwanga manjano ya jikoni, twa! twa! Akachovya gauni, chubwi! Likatoka la manjano, manjano kweli kweli.

Kesho shangazi Mize anaolewa. Saumu ndiye wa kumpepea. Sare ni manjano, na bila sare hapepei mtu.

"Kaanike kivulini," Bibi akasema.

Saumu hakusikia. Alikuwa anawaza maembe. Embe likipigwa jua huiva, likawa manjano zaidi. Basi na gauni litaiva!

Akalianika kwenye jua kali, kutwa nzima.

Jioni akaenda kulianua. Lo! Gauni limepauka. Si jeupe, si manjano. Lina rangi ya uji.

Nani amelamba gauni langu?
Nani? Nani? Mlambaji ni nani?

Akamfuata kuku. "Kuku, toa ulimi."
"Kwe kwe kwe," kuku akasema, akaenda zake.

Nani amelamba gauni langu?
Nani? Nani? Mlambaji ni nani?

Akamfuata mbuzi. Mbuzi akakojoa, chururuuu. Mkojo wa manjano!

"Kumbe ni wewe," Saumu akasema. "Umekunywa gauni langu."
Mbuzi akatafuna tu. Hana haya.

Akamfuata Babu. Babu amelala, mdomo wazi. Saumu akachungulia ulimi. Haukuwa wa manjano. Ulinuka vitunguu.

Saumu akalia. Kesho shangazi atapepewa na mwingine.

Bibi akaja, akafunua mfuko wa gauni. Ndani ya mfuko, manjano tele.

"Hapa jua halikufika," Bibi akasema. "Jua huichokoza hewa. Hewa ikichokozwa hukasirika, ikauma rangi. Nga! Nga! Rangi kwisha."

"Na mbuzi je?"

"Mbuzi alibanwa na mkojo tu, mjukuu wangu."

Wakachovya tena, chubwi! Safari hii wakaanika ndani, kwenye kamba juu ya kitanda cha Babu.

Babu anakoroma, khooo. Gauni linadondosha rangi, to, to, to. Inadondokea kipara cha Babu.

Asubuhi, gauni la manjano. Kipara cha manjano.

"Babu, na wewe una sare," Saumu akasema.

Harusini Saumu akasimama kivulini karibu na shangazi, akapepea, pepe, pepe, pepe. Alifurahi mpaka mkono ukachoka.

Babu akavua kofia, akakaa juani peke yake.

"Babu, njoo kivulini," Saumu akaita.

"Niache," Babu akasema. "Napauka."