Hakuna Mtoto Humo

Kisanduku cha kutafutia kilimjibu kabla hajabonyeza.

Sindano aliondoa vidole kwenye kibodi, akaikodolea skrini macho ya kuituhumu. Alikuwa ameandika neno moja tu, nyumba, na kidole kilikuwa bado hewani, lakini orodha ilikwisha mwagika: vitabu elfu sitini na moja na ushei. Akasema moyoni kwamba mafundi wameichezea tena mitambo bila kumwambia mtu, kama kawaida yao, akaendelea na kazi. Kulikuwa na harufu ya karatasi iliyolowa. Hiyo nayo hakuijali, maana ofisi yao ilikaa juu ya ghala, na ghalani hakukosi bomba linalovuja.

Jina lake halisi hata msimamizi alikuwa amelisahau. Walimwita Sindano kwa sababu angeweza kuipata popote ilipoangukia. Duka lao halikuwa na mlango wa mteja wala rafu ya kupapasa. Lilikuwa tovuti, na ndani yake vitabu milioni nne, na wateja wasiojua wanachokitaka. Huyu anaandika, "Kilikuwa na jalada la bluu, nilikisoma nikiwa naumwa." Yule anaandika, "Kuna daktari anakufa, au labda anayekufa ni mkewe." Watu wanne waliajiriwa kuwatafutia, na watatu kati yao walikuwa wakibahatisha. Sindano alikuwa na njia yake. Huanza na neno moja pana, aone msitu una ukubwa gani. Kisha hufunga maneno mawili matatu kwa alama za nukuu, ili mashine isiyatenganishe. Kisha lugha, kisha mwaka. Na mwisho, wenzake wanapokuwa wamekwisha choka, yeye huweka alama ya kutoa mbele ya neno asilolitaka, na kila kitabu chenye neno hilo kinatoweka.

"Kutafuta si kuongeza," aliwaambia wenzake kwa sauti ya mwalimu mkuu. "Kutafuta ni kuondoa."

Walimchukia kidogo, na walikuwa na haki. Mtu akishindwa, utaratibu ulikuwa kuandika "hakipatikani" na kulifunga ombi. Sindano hakuwahi kuliandika neno hilo kwa miaka sita, na hakuna aliyepewa nafasi ya kusahau.

Ombi lililomfanya aandike neno nyumba lilifika Jumatatu hiyo, halina jina la mteja. "Natafuta kitabu cha nyumba. Ina vyumba viwili. Ukuta wa sebuleni ni wa kijani. Mlango unakwama mvua ikinyesha. Anaishi humo mwanamke anayejiona."

Sindano alicheka. Sebule yake mwenyewe ilikuwa ya kijani, na mlango wake mvua ikinyesha ulitaka kusukumwa kwa bega. Lakini kuta za kijani ni nyingi duniani. Akayafunga maneno "ukuta wa kijani" kwa alama za nukuu, vikabaki vitabu mia tatu na arobaini, na karibu vyote vilikuwa na paka ndani. Akamwandikia mteja kumuuliza. Jibu lilikuja hata hajavuta pumzi.

"Hakuna paka humo. Mtoe."

Akamtoa.

Alasiri alipofika nyumbani, hakuna kilichojipitisha miguuni pake. Bakuli la paka wake lilikuwa mahali pake, kavu. Binti yake wa miaka saba, ambaye walimpa jina la Kinanda kwa kuwa hakujua kunyamaza, alikuwa sakafuni akichora.

"Paka yuko wapi?"

"Paka gani, mama?"

"Kinanda, usinichezee."

Mtoto alimtazama kama mtu aliyeulizwa habari za tembo. Sindano akadhani wamegombana, mtoto na paka, na kwamba paka atarudi akishikwa na njaa.

Jumanne mteja hakungoja kuulizwa. "Saa ya ukutani imejaa kwenye vitabu vyako. Hakuna saa humo. Unatafuta kama kipofu." Sindano alivuta mdomo, miaka sita hakutukanwa na mteja. Akaweka alama ya kutoa mbele ya saa, orodha ikanywea hadi vitabu kumi na viwili, akajisikia vizuri, na aibu ya kujisikia vizuri ikaja baadaye, alipofungua mlango wa nyumbani akaona msumari mtupu ukutani. Saa ile walipewa siku ya harusi, yeye na marehemu mumewe. Alimuuliza Kinanda, naye akasema msumari ule umekuwa hivyo siku zote. Na walipokuwa wakila, Sindano akasikia, nyuma ya ukuta ule wa kijani, karatasi zikifunuliwa moja baada ya nyingine, taratibu, na kila baada ya karatasi kulikuwa na sauti ndogo ya mate, kama mtu anayelowesha kidole ili afunue nyingine. Ile harufu ya karatasi iliyolowa ilikuwa imemfuata hadi mezani.

"Unasikia?" alimnong'oneza mtoto.

"Anasoma," Kinanda akasema, akaendelea kula.

Jumatano msimamizi alisimama nyuma ya kiti chake. "Sindano, ombi hilo limekula siku tatu. Andika hakipatikani, tusonge mbele."

"Vimebaki kumi na viwili tu, bosi."

"Una mpaka mchana." Wenzake watatu walijitia hamnazo, lakini hakuna aliyekuwa akiandika.

Vitabu vyote kumi na viwili vilikuwa na mtoto ndani, na ujumbe ulikuwa ukimngoja. "Hakuna mtoto humo."

Mkono wa Sindano ulisita. Alimkumbuka paka, akaikumbuka saa. Amwambie nani? Aseme kwamba anaogopa kistari cha kwenye kibodi, yeye, mbele ya watu hawa wanaosubiri aanguke? Na alipokuwa akisita hivyo ujumbe mwingine ukaingia, "Basi umeshindwa, andika hakipatikani," na damu ikampanda kichwani, akajiambia kuwa hayo ni maneno tu, ni herufi tu, akaweka alama ya kutoa, akaandika mtoto, akabonyeza.

Matokeo: 1.

Kitabu hakikuwa na jalada wala mwandishi. Jina, Nyumba. Nakala zilizopo, moja. Akafungua ukurasa wa kuonjesha, akakuta mistari miwili: "Hakuna mtoto humo. Sasa pana nafasi."

Alimpigia simu mwalimu wa darasa. "Mwalimu, samahani kwa usumbufu. Kinanda yupo?"

"Kinanda yupi, mama?"

"Binti yangu. Anakaa mstari wa mbele."

Alisikia madaftari yakipekuliwa. "Samahani, mama," mwalimu akasema kwa upole. "Mtoto huyo hatuna."

Sindano hakukumbuka alivyoshuka ngazi. Kule ghalani alikuwepo mama mmoja mshona vitabu, aliyeunganisha nakala zilizochanika. Mwanamke mkali, asiyependa maongezi, na wafanyakazi walimwendea kwa siri yanapowakuta yasiyosemeka, kwa kuwa babu yake alikuwa mganga na yeye alijua mengi zaidi ya vitambaa na gundi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unanuka." Mshona vitabu aliweka uzi chini. "Umemtoa nani?"

"Mwanangu."

"Kwa mkono wako?"

"Kwa mkono wangu, mama. Sikujua."

"Ulijua. Ulisita, kisha ukaona haya." Alimsogelea, akashusha sauti. "Jini hilo linalokuandikia halina makao. Nyumba iliyojaa haliwezi kuiingia, na halina nguvu ya kumtoa mtu. Humtafuta mwenye nyumba amtoe mwenyewe. Wewe umelifagilia na kulitandikia."

Sindano alipiga magoti kwenye saruji. "Nifanye nini?"

"Mwanao hajafa. Kafichwa tu, kama unavyoficha vitabu. Nenda ukafute maneno yote, alama zote, ubaki na lile neno la kwanza. Nyumba zote zirudi kwa mpigo. Likijikuta kati ya maelfu ya nyumba halina pa kushika, litakwenda zake. Kisha utulie. Paka atarudi, mtoto atarudi kwa miguu yake."

"Baada ya muda gani?"

"Utakaochukua. Lakini sikia, wewe mjuaji." Alimshika kidevu. "Usimtafute. Usiandike jina lake, wala umri, wala alama ya mwili wake. Lile linasoma kila unachokiandika. Ukilieleza mwanao yukoje, umelipa nguo za kuvaa."

Sindano akapanda juu. Akafuta mtoto na alama yake, akafuta saa, akafuta paka, akafuta ukuta wa kijani, na hesabu ikapanda, kumi na viwili, mia tatu, elfu, elfu sitini na moja. Harufu ikapungua. Akaweka mikono mapajani, akatulia kama alivyoambiwa.

Dakika kumi zikapita. Akampigia mwalimu, mtoto huyo hatuna. Dakika ishirini. Akampigia tena, na safari hii mwalimu alimjibu kwa ule uangalifu wanaojibiwa nao watu wenye matatizo ya akili. Ujumbe ukajitokeza kwenye skrini: "Kati ya elfu sitini na moja, nani atamjua wako?"

Alikaza vidole hadi vikawa vyeupe, akahesabu pumzi, akamwona mwanawe amesimama katika msitu ule wa nyumba elfu sitini na moja akigonga milango isiyo yake, akiita, kwa sauti ile isiyojua kunyamaza, na hakuna mlango unaofunguliwa kwa sababu hakuna aliyeandika kwamba yeye ni wa nani, na mama yake, ambaye kitu pekee alichokijua duniani ni kumpata aliyepotea kati ya mamilioni, ameketi na mikono mapajani kwa sababu mshona vitabu mmoja kamwambia angoje, na kila dakika aliyongoja aliiona ni dakika ya kumtupa mtoto kwa mara ya pili, mpaka mikono yake ikainuka yenyewe, au yeye aliiinua, na akaandika haraka haraka, kama mtu anayekunywa maji: Kinanda, msichana, miaka saba, kovu nyusi ya kushoto, hulala na soksi mguu mmoja, huogopa radi, hucheka kabla ya kumaliza hadithi.

Akabonyeza.

Matokeo: 2.

Simu ikalia. Alikuwa mwalimu, na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, yenye kuudhika kidogo. "Mama Kinanda, masomo yameisha tangu saa nane. Wanao wote wawili wako hapa getini, wanakungoja."

Aliwakuta wameshikana mikono kwenye jua. Sare zile zile, kovu lile lile, soksi zimeshuka vilevile. Wote wawili walimkimbilia, na mikono minne ikamkumbatia kiunoni, yote ina joto. Aliwapeleka nyumbani. Paka alikuwa kizingitini. Alipowaona wasichana wale alirudi nyuma akitoa sauti ambayo Sindano hakuwahi kuisikia, akaruka ukuta, akaenda.

Sebuleni aliwakalisha pamoja kwenye kochi. Alitafuta jambo moja ambalo hakuliandika.

"Nani alikukata kucha Jumapili?"

"Wewe, mama," wa kushoto akajibu papo hapo. "Uliniumiza kidole hiki, ukakipuliza."

Ilikuwa kweli. Sindano akamgeukia wa kulia, naye midomo ikamcheza, akaanza kulia kwa kwikwi. "Sikumbuki, mama. Nilikuwa mahali pa giza. Sikumbuki."

Sindano alisimama katikati ya chumba. Aliyejua alikuwa akimtazama kwa utulivu, miguu ikining'inia. Asiyejua alikuwa akitetemeka mwili mzima, kamasi zikimtoka, kama mtoto yeyote aliyepotezwa na mama yake akaokotwa. Angeweza kurudi ofisini, aweke alama moja tu ya kutoa mbele ya mmoja wao. Aliwatazama hadi macho yakamuuma, na moyo wake, aliouamini kuliko mashine, haukusema kitu.

Basi akawasha jiko. Akawapikia wote wawili, akawaogesha wote wawili, akawabadilisha nguo. Ukuta wa kijani ulikuwa kimya, hakuna aliyefunua karatasi, maana msomaji alikwisha ingia ndani na sasa alikuwa akikaushwa kwa taulo.

"Mama," mmoja wao akauliza, "mbona leo hutubusu?"

Sindano aliendelea kumfunga vifungo vya gauni, kimoja kimoja, mpaka cha juu kabisa. Hakumbusu hata mmoja.