Kadi za Mazulia ya Tazenakht

Kila akitoka shule, Tuda alipitia kwenye chama cha wafumaji cha mji wa Tazenakht alichokiongoza shangazi yake, Ijja. Alivua viatu mlangoni, akanywa chai ya mnanaa na kipande cha mkate uliochovywa mafuta ya zeituni, akanawa mikono vizuri asije akapaka mafuta kibodi, ndipo akawasha kompyuta. Kazi yake ilikuwa kuandika kadi. Kila zulia lilikuwa na kadi yake yenye jina la aliyelifuma, sufu yake na rangi zake.

Siku hiyo kazi ilikuwa imerundikana. Kesho yake asubuhi lori lingepeleka mazulia kwenye maonyesho ya Warzazate, ambako mnunuzi mkubwa kutoka Rabat angekuwepo. Wakimpata, akina mama wote wangefuma msimu mzima. Wakimkosa, vitanda vya kufumia vingekaa bure.

"Unadonoa kama kuku!" alicheka binamu yake, Hamu. "Lori litakwenda na kurudi, wewe uko kadi ya kwanza."

"Cheka tu," alisema Tuda.

Mwalimu wao wa kompyuta alikuwa amewafundisha njia ya mkato. Tuda akafungua mipangilio, akaiagiza programu kwamba akiandika "sm", iweke sentensi nzima. Kisha akaandika herufi zile mbili, akabonyeza kitufe cha nafasi, na palepale maneno yakajitandaza yenyewe: "Sufu halisi ya kondoo wa mlimani, rangi zote za mimea."

Hamu akakodoa macho. "Mchawi wewe!"

Kabla ya alasiri kadi zote zilikuwa zimechapishwa na kufungwa kwa nyuzi kwenye mazulia. Tuda alikuwa akijinyoosha mgongo kwa raha Hamu aliposoma kadi ya Bi Fadma, akaguna.

"Eti rangi zote za mimea! Ile pakiti nyekundu tuliyomnunulia sokoni ilikuwa ya nini? Ya kupikia supu?"

Tuda akaishika ile kadi, akaisoma tena. Ni kweli. Mwaka ule wa ukame mizizi ya kutoa rangi nyekundu ilikuwa adimu, na Bi Fadma alitia rangi ya dukani. Na kama ni yeye, je, wengine?

"Nyamaza tu," Hamu alinong'ona. "Nani atajua?"

Tuda alilitazama lile zulia, kisha akainuka na kwenda kwa shangazi yake, aliyekuwa akichambua sufu.

"Shangazi, kadi zangu zimesema uongo. Nilibonyeza tu, sikumuuliza mtu."

Shangazi Ijja akaweka sufu chini. Akapaza sauti: "Jamani, kunjueni mazulia! Na wewe Hamu, na mdomo wako mrefu huo, kamwite Bi Fadma."

Tuda akamwendea kila mfumaji, akauliza sufuria yake ya kuchemshia rangi ilitiwa nini: zafarani, maganda ya komamanga, hina, au pakiti. Kisha akatengeneza vifupisho vingine, kila kimoja na sentensi yake, akaandika upya kadi zilizokosewa. Chai ya jioni ilimkuta amemaliza.

Kesho yake walipanda lori wote hadi Warzazate, na mnunuzi alikuja, mwanamke mrefu mwenye miwani. Alilowesha leso nyeupe, akasugua zulia la Bi Fadma. Leso ikawa nyekundu. Yule mama akageuza kadi, akasoma kwa sauti: "Nyekundu ni rangi ya dukani. Nyingine zote ni za mimea."

Akacheka. "Kwa jirani yenu hapo leso ilichafuka vilevile, na kadi yake imeapa ni mimea mitupu. Basi haya yenu mengine sina haja ya kuyasugua. Nayachukua yote, na msimu huu wote mnifumie mimi."

Bi Fadma akapiga vigelegele mpaka wauzaji wa jirani wakageuka. Hamu alikuwa wa kwanza kumbeba Tuda juu juu.

Shangazi Ijja akamvuta mpwa wake kifuani. "Ujanja wako usiuache, mwanangu, umetuokolea siku nzima. Lakini kompyuta haikwenda kwa Bi Fadma kuchungulia sufuria. Huko ni lazima uende wewe kwanza, uone kweli ilivyo, ndipo uiruhusu ikuandikie."