Video ya Kidosho

Lifti ya hospitali ya chuo ilikwama asubuhi, wakati ukumbi wa chini umefurika watu. Ndani yake dada mmoja mtafiti, blauzi ya njano chini ya koti jeupe la maabara, alikumbatia kisanduku na kupiga kelele kuliko wote.

"Kaka fundi, fanya haraka! Nina seli hai za ubongo wa panya, zikipoa zinakufa!"

"Tulia, Daktari," ilijibu sauti juu ya dari. "Na mimi nina ubongo hapa, nautumia."

Watu wakacheka. Mlango ulipofunguka, ovaroli ya buluu, mabega mapana na tabasamu la uchokozi vilimpokea. Mtafiti akasahau seli zake kwa muda. Mtafiti gani huyo!

Fundi akambebea kisanduku mpaka maabara, akalipwa kwa kuchungulia hadubini. Kisha mtafiti akamwonyesha kwenye kompyuta video ya seli moja, iliyoharakishwa.

"Mbona inatembea?"

"Zote hutembea. Mtoto akiwa tumboni, seli za ubongo huzaliwa ndani kabisa, halafu hupanda nyuzi mpaka kila moja ifike mahali pake."

"Kama mimi na kamba za lifti! Na zikikwama?"

"Zikikwama njiani, mtoto anaweza kupata kifafa, au akachelewa kujifunza."

Fundi akasogelea kompyuta. Mdogo wake wa kike, Kidosho, aliyemlea tangu wazazi wao wafariki, alikuwa na vyote viwili.

Mapenzi yakapamba moto. Simu zikawa haziishi.

"Umekula, mpenzi?"

"Sauti yako inanishibisha."

"Basi utakonda, baba!"

Jumapili moja fundi akampeleka mtafiti nyumbani kwake. Kidosho alimpenda papo hapo. Wakanong'onezana jikoni wee, mpaka fundi akaona wivu. Baada ya chakula, Kidosho akaanguka kifafa sebuleni. Fundi akamlaza ubavu, akamwekea mto kichwani. Alipoinua macho, mpenzi wake alikuwa amesimama na simu mkononi, anarekodi, jicho moja kwenye saa ya ukutani.

"Unamrekodi? Mdogo wangu si panya wako!"

Mtafiti akafungua mdomo, akamtazama Kidosho, akaufunga. Alikuwa ameahidi kunyamaza. Akachukua mkoba wake, akaondoka na machozi.

Fundi akakataa kupokea simu zake. Akatengeneza lifti za mji mzima isipokuwa ile ya hospitali, na chakula kikawa hakipiti. Kidosho akavumilia, mwishowe akachoka.

"Kaka, mimi ndiye nilimwomba anirekodi," alisema, akivuta maneno taratibu kama kawaida yake. "Wewe umeniona nikianguka. Majirani wameniona. Mpaka mwenye duka. Mimi tu sijawahi kujiona. Ningekuomba wewe, ungelia."

"Kwa nini hakusema?"

"Nilimwapisha. Na wewe hukuniuliza. Kila siku unanisemea." Akapumua. "Amenitumia video. Nimemwonyesha daktari wa kliniki. Amesema imemsaidia kujua kifafa kinaanzia upande gani wa ubongo."

Fundi aliona aibu mpaka masikioni. Hakubadili hata ovaroli. Alimkuta mtafiti anaingia kwenye lifti ileile na kisanduku chake, akajipenyeza katikati ya watu, akapiga magoti hapohapo.

"Nimekukosea. Nimemkosea na mdogo wangu. Nisamehe, mpenzi, halafu nikuoe."

"Fundi! Seli zangu zinapoa!"

"Lifti inapanda. Nijibu kabla haijafika."

Mtafiti akacheka huku analia. Akatoa simu, akampigia Kidosho, akaweka spika.

"Wifi, kaka yako anataka kunioa. Nimkubalie?"

"Amepiga magoti?"

"Amepiga."

"Kuna mtu anarekodi?"

Watu wakatazamana. "Hakuna, wifi."

"Basi arudie," alisema Kidosho taratibu. "Yeye ananiona nikianguka kila siku. Leo na mimi nataka kumwona yeye."

Simu zikachomolewa mifukoni, lifti nzima. Fundi akasimama, akajifuta macho kwa mkono wa ovaroli, akapiga magoti upya.