Mwizi Aliyerudisha Mashine

"Shoga, umeona wapi mwizi anaiba kitu, anakitumia, halafu anakirudisha mwenyewe sandukuni?"

Jasumati, mke wa mzee Tulsidas mwenye duka la vyombo vya uvuvi, alimwuliza hivyo jirani yake Bi Sabaha asubuhi ya Jumatatu moja, Mchafukoge, mwaka wa sabini na nne. Bi Sabaha ndiye aliyekuwa balozi wa nyumba kumi. Ugomvi wa mume na mke, kuku aliyepotea, maji yaliyomwagwa mlangoni kwa mtu, yote yalipita kwake kabla ya kufika polisi. Alikaza kanga yake akaingia dukani.

Juu ya kaunta zilikuwapo mashine mbili za kutafutia samaki, za kwanza kuonekana mtaani pale. Moja kubwa, nzito, ya kufungwa kwenye boti la injini. Ya pili ndogo, ya kubeba mkononi, ya betri za tochi. Jicho lake, lenye mpira pembeni, huteremshwa majini kwa waya ubavuni mwa mtumbwi, nalo likakuambia kama huko chini kuna samaki au kuna mwamba mtupu. Umoja wa wavuvi ulikuwa umetuma wajumbe na nahodha wao waje kuchagua moja. Wajumbe walipoomba ile ndogo ijaribiwe, taa yake iliwaka kidogo ikafa. Mpira wa jicho ulikuwa umevimba na kulegea, na maji yameingia ndani.

"Hii imetiwa majini kabla ya leo," alisema Tulsidas. "Juzi niliiwasha, ilikuwa nzima. Nami nimewaambia wote, ikilowa imeshauzwa. Aliyekaa nayo ni mmoja tu. Duka lilipovunjwa mwezi jana nilimpa Vitalis alale nayo chumbani kwake. Mpeleke polisi, Bi Balozi."

Vitalis, msaidizi wa duka, mtu wa Songea mwenye mke na watoto kwao, alikuwa amesimama karibu na nyavu. Akienda polisi, kazi imekwisha, na jina limekwisha.

"Polisi hawahami," alisema Bi Sabaha. "Nipe mpaka adhuhuri."

Akamgeukia Vitalis. "Mwanangu, jana ulikuwa wapi?"

"Shikamoo, Bi Balozi. Nilikuwa nyumbani."

"Marahaba. Jumapili, wewe mwimba kwaya, ukashinda nyumbani?"

Vitalis aliinama. "Nilikwenda kanisani. Kisha shangazi Candida akanichukua kwake Mchikichini, nikarudi magharibi. Nilikuwa nimemwapia mzee kwamba sitabanduka."

"Na ufunguo?"

"Juu ya mlango."

"Juu ya mlango?" Tulsidas alishika kichwa. "Mali yangu, juu ya mlango?"

Bi Sabaha hakushangaa. Katika nyumba ya wapangaji alimoishi Vitalis, kila anayetoka huweka ufunguo juu ya fremu, ili mvua ikija jirani afungue amwingizie nguo. Asiyeuweka huitwa mchoyo, na akiendelea huitwa mchawi. Wapangaji walikuwa watatu: Vitalis, Shaibu, na nahodha Bakili.

Aliliinua jicho la mashine, akalinusa. "Mzee, hebu nusa."

"Mimi sili samaki, Bi Balozi, wala sinusi."

"Vitalis?"

"Linanuka samaki tu."

Bi Sabaha alipitisha kidole juu ya mpira. Kiliteleza. Alikipangusa kwa pindo la kanga, akakinusa. Harufu ilikuwa pale pale, nzito. Akatoka.

Alimkuta Shaibu chumbani kwake. Kila mtu alijua kwamba Shaibu ndiye wa kuendewa sukari ikiadimika, wala hakuna aliyemwuliza huitoa wapi. Alipomwona balozi, alilisukuma gunia chini ya kitanda kwa kisigino.

"Hilo silitaki leo," alisema Bi Sabaha. "Nataka ya mashine. Jana uliingia kwa Vitalis?"

"Niliingia, sikatai. Niliazima kiberiti. Sanduku sikuliona."

"Watu watasema ni wewe."

"Watu waseme. Ila nikuulize, Bi Balozi, tangu unijue, umewahi kuona kitu kikaingia mkononi mwangu kikarudi kilikotoka?"

Bi Sabaha alikaribia kucheka. Hoja ilikuwa nzuri, na ilimrudisha kwenye swali la Jasumati. Aliyeichukua hakutaka kuiuza. Alitaka kuijua. Na sanduku ambalo Shaibu hakuliona pengine halikuwamo.

Kabla ya adhuhuri alikuwa dukani tena. Wajumbe walikuwa bado wapo, na mbele yao Bakili, nahodha wao, mtu mzima wa maneno machache. Umoja mzima ulikuwa umemwachia yeye neno la mwisho: atakayoichagua ndiyo itakayonunuliwa.

"Nahodha," alisema Bi Sabaha, "tusaidie sisi wa nchi kavu. Mashine kama hii, mtu akitaka kuitia baharini, aitayarishe vipi?"

Bakili alijiweka sawa. "Kama chombo chochote. Chumvi inakula. Mbao utaipaka sifa, mafuta ya papa, na hili jicho vile vile. Ulipake kwanza, mpaka mpira ushibe, ndipo uliteremshe."

"Mpira ushibe?" alisema Tulsidas. "Mpira haupakwi mafuta, Nahodha! Mafuta yanauvimbisha, unaachia, maji yanaingia!"

Bi Sabaha aliliweka jicho mbele ya Bakili.

"Linuse, baba. Songea hawapaki sifa. Shaibu hana chombo. Katika nyumba ile ni wewe peke yako mwenye kopo la sifa."

Bakili hakulinusa. Alikaa kwenye sanduku la nyavu.

"Jana niliichukua," alisema. "Watu wananiambia chagua. Mzee anasema isilowe. Nitachaguaje kitu ambacho sijakiona majini? Wakija kukopa kwa neno langu, kisha kikawa bati tupu? Nikaipaka, nikaenda nayo mpaka nyuma ya visiwa. Inaona, wallahi. Pale nilipopapita miaka nikisema hapana kitu, ilionyesha samaki. Nikairudisha kama nilivyoikuta. Sikujua kwamba nimeiua."

"Kuichukua ni kosa, ila lina maelezo," alisema Bi Sabaha. "Lakini asubuhi hii ilipokufa mbele yako, ulijua. Mwenzako akatajwa polisi, mnalala ukuta kwa ukuta, nawe ukanyamaza. Kwa nini?"

"Nahodha aliyeharibu mashine kwa mkono wake, nani atapanda naye chombo?"

Mjumbe mmoja aitwaye Mgeni alisema tu kwamba habari itapelekwa mkutanoni, na Umoja ndio utakaoamua ya Bakili na ya mashine. Tulsidas alikubali. Alikuwa amepata anachotaka, mtu wa kubeba hasara. Uso wake ukakunjuka.

"Basi, Vitalis," alisema, "yamekwisha. Hasira za asubuhi hizo, mwanangu. Toa nyavu nje, tufungue duka."

Vitalis alimtazama kama anayengoja kuombwa radhi. Tulsidas alikuwa ameshageuka, anafunga mashine kubwa kwenye boksi.

Vitalis alipita katikati ya wajumbe, akampita Bakili, akashuka ngazi za baraza. Jasumati alimwita mara mbili kwa jina. Vitalis alikunja kona ya kuelekea Mchikichini, kwa shangazi yake.