Mimea Arobaini ya Nabintu

Jumanne, saa mbili na robo asubuhi, Nabintu alikutwa chini ya turubai la kitalu chake katika kambi ya wakimbizi ya Kashojwa, kichwa kimepasuliwa kwa jembe. Vyungu arobaini vya maua ya majani manene, aliyokuwa ayapeleke Mbarara siku hiyo, havikuwepo.

Mumewe, Joël, alikuwa amempakata, shati limelowa damu. Majirani hawakumuuliza kitu. Sajenti Kemigisha alipofika, walikuwa wamekwisha kumtoboa jicho la kushoto.

"Nilitaka kumuinua tu," alilia.

Kemigisha alimfikisha Joël hospitali akiwa amefungwa pingu, kisha akaenda Mbarara kwa Mahmood, muuza dawa za mimea.

"Nabintu alinunua dawa mbili," Mahmood alisema. "Moja inazuia shina lisirefuke, nyingine inalichipuza matawi. Huko kambini hakuna mwingine anayezinunua."

"Na mwizi akiyaficha maua ya Nabintu gizani?"

"Yatabaki mafupi vilevile. Yasiyotiwa dawa ndiyo hurefuka kutafuta mwanga. Wiki tatu tu, yanakuwa kamba."

Kibali cha msako kilichukua wiki tatu. Nyumba ya tisa kupekuliwa ilikuwa ya Godeberthe, mkulima wa maua aliyekimbia vita pamoja na Nabintu, na aliyelia kuliko wote mazikoni. Katika chumba chake kisicho na dirisha mlikuwa na vyungu arobaini na vitano.

"Vyote ni vyangu, afande. Hii fasi, hapa kambini, iko na wezi mingi, ndiyo maana nilificha."

"Tangu lini?"

"Tangu Nabintu afe."

"Umewahi kutia dawa?"

"Hata siku moja. Sijui hata harufu yake."

Kemigisha akavitoa nje. Mimea mitano ilikuwa imerefuka, imepauka, imelala. Arobaini ilikuwa mifupi, minene, kila mmoja na matawi matatu manne.

"Chumba kimoja, giza moja, wiki zile zile," alisema. "Mama, hii arobaini nani aliitia dawa?"

Godeberthe aliacha kujifanya.

"Mi ndiye nilimufundisha kupanda. Akapata dawa, akanificha kipimo. Kule soko batu banacheka maua yangu, eti marefu kama majani ya ng'ombe. Na yeye anacheka nabo."

"Joël ametobolewa jicho. Ulisimama pale ukitazama."

"Nilisimama."

"Nabintu alikufa palepale?"

"Hapana. Aliomba maji."

"Ukampa?"

"Mikono ilikuwa imejaa maua."