Balbu ya Mwisho

Jicho-ukuta, kamera ya ukutani, lilipiga picha kabla Zaituni hajafunga mlango. Mara moja ukutani akatokea baba yake, mdomo umenyooka, macho yanang'aa. Kitini, Mzee Ntandu mwenyewe alijifuta mate. Kiharusi kilikuwa kimeuvuta mdomo wake upande.

"Huyo nani?" aliuliza.

"Ni wewe, Baba."

"Basi mpe yeye uji."

Jicho-ukuta liliona hata gizani, hivyo watu wa Singida walikuwa wameshasahau flashi, zile taa za kumulika picha. Ndani yake mlikuwa na programu iliyoitwa mnyooshaji: ilisawazisha meno, makovu, hata huzuni. Vioo navyo vilikuwa skrini za mnyooshaji huyohuyo.

Zaituni, mhandisi wa kiwanda cha lenzi, alikusanya flashi za kale. Zilijaa kabatini, nyingi zimekufa. Moja tu ilikuwa na balbu nzima, yenye nyuzi nyembamba za magneziamu. Balbu ya namna hiyo huwaka mara moja, ikawa basi. Wakusanyaji wenzake walimwonea wivu. Yeye aliifuta vumbi huku amezuia pumzi.

Alifungua kabati, akalifunga. Akalifungua tena.

"Unazunguka kama kuku anayetafuta pa kutaga," baba alisema.

"Kesho madaktari wanakupasua. Nataka picha yako. Yako wewe."

"Kwa balbu ile? Si uliapa hata mjukuu wangu hataigusa?"

Zaituni aliweka mezani kamera ya kale, akatia karatasi ya picha aliyoitengeneza mwenyewe, akategesha saa ya kamera ili ijifyatue yenyewe. Na kama balbu haitawaka? Akailamba kitako, kama wapigapicha wa zamani walivyofanya ili umeme ushike, akaipachika, akakimbilia kando ya kiti.

"Sasa unaila?" baba aliuliza.

Zaituni akaangua kicheko. Chumba kikalipuka weupe.

Balbu ikabaki nyeusi, imevimba malengelenge, ikinuka plastiki iliyoungua. Zaituni akaitoa karatasi, na picha ikajitokeza polepole. Mdomo wa baba ulikuwa upande, kama ulivyo. Kando yake Zaituni alicheka, na jicho lake la kushoto lilikuwa limekimbilia puani.

"Imeharibika," alisema kwa sauti ndogo. "Tazama jicho langu."

"Haijaharibika. Ukicheka huwa linakimbia. Kama la marehemu mama yako."

Zaituni aliutazama ukuta. Mama yake, aliyefariki yeye akiwa bado ananyonya, alitabasamu pale pichani kwa macho mawili yaliyonyooka. Miaka yote alikuwa ameutafuta uso wake mwenyewe katika uso ule, asiuone.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilidhani unajiona kila siku, mwanangu."

Jicho-ukuta lilikuwa limeshatundika picha yake mpya: baba na binti, wamenyooka. Zaituni akalizima.

"Hebu cheka tena," baba alisema. "Nimwone."

Alijaribu. Machozi ndiyo yaliyotangulia.

"Taratibu," Mzee Ntandu alisema, akimshika mkono. "Sina pa kwenda mpaka kesho."